Ubao Niliochora Kinyume

Wanangu, pole zenu nimezipokea tangu asubuhi mpaka zimenijaa kooni; zilizobaki zishikeni, mkae, mnipe masikio. Winifrida, simamisha simu yako pale juu ya kabati, iegemee hotipoti ya mama yenu, ubonyeze pa kurekodi, maana nitakayosema leo sitaki kesho Ansbert aseme Baba alisema hivi na wewe useme alisema vile, mkagombana juu ya kaburi langu kama kunguru wa Feri wanavyogombea utumbo wa samaki. Mlango uacheni wazi kidogo. Nesi akikuta umefungwa atadhani nimeshakwenda, ataanza kuandika.

Sasa ni saa saba na robo. Saa kumi kamili wanakuja kunichukua wakanifungue tumbo, washone huo mshipa mkubwa ambao daktari amesema umevimba kama tairi la baiskeli, na nilipomuuliza, daktari, nusu kwa nusu au zaidi ya hapo, aliangalia saa yake. Mimi nimekaa jukwaani karibu miaka arobaini, namjua mtu anayeangalia saa kwa sababu hana jibu. Kwa hiyo msinitie moyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ugonjwa nilioufichua kwa daktari ni mmoja tu kati ya mawili niliyo nayo.

Kabla ya huo wa pili, Ansbert, simama dirishani. Lile ghorofa la njano ng'ambo ya barabara, kibaraza cha ghorofa ya pili, unaona ndoo ya rangi iliyopandwa mmea wenye majani marefu? Na kando yake kiti cha plastiki cheupe. Kuna mtu kwenye kiti? Hakuna. Tazama vizuri, macho yako ni ya kuchungulia simu tu. Hakuna, sawa. Tangu juzi niletwe hapa Upanga, kila siku kuanzia saa nne mzee mmoja anatolewa kuota jua kwenye kiti kile, na leo hajatoka. Nesi nilimwambia nisipolala karibu na dirisha napata kizunguzungu nakwenda chini kama gunia, akanipa kitanda hiki. Uongo mtupu. Nilikitaka kwa sababu ya kiti kile, na sasa kiti ni kitupu na roho yangu haitulii, maana yule mzee akinitangulia, haya yote nitakuwa nimeyasema kwa ajili ya hotipoti.

Mnanijua mimi. Melkiori Mikono Msalaba, mpiga kinanda wa Sikukuu Jazz, mtu ambaye akikaa kwenye kinanda wanaume walikuwa wanavua kofia na wake zao wanavua viatu wacheze vizuri. Nimepiga Nairobi, nimepiga Lubumbashi, nimepiga kwenye hoteli ambazo mlinzi wake alikuwa amevaa vizuri kuliko bwana harusi. Hakuna aliyepiga kama mimi, na hilo si majivuno, hilo ni taarifa. Mkono wa kushoto juu, unavuka kwenda kulia kuimba. Wa kulia chini, unavuka kwenda kushoto kunguruma. Na kwa sababu mkono unaokwenda kwenye besi una safari ndefu, besi yangu inafika imechelewa kidogo, kama muumini anayeingia kanisani wakati wa mahubiri, kanisa zima linageuka kumtazama. Wenyewe wakaita mdundo wa kuchelewa. Vijana wakaiga, wakafunga mikono kama wamefungwa pingu, hakuna aliyeweza. Na ule mwisho wa wimbo wetu mkubwa, "Ngazi za Saa Kumi", unavyokatika ghafla watu wakiwa wameinua mguu, wataalamu waliandika kwamba pale Melkiori anawaachia wasikilizaji wamalizie wenyewe mioyoni. Nilisoma gazetini, nikasema kweli, huyu Melkiori ana akili.

Na kila aliyeniuliza mtindo ule nimeutoa wapi nilimpa jibu lake. Mmoja nilimwambia niliumwa na nyoka mkono wa kulia, ukawa unataka joto la mwenzake. Mwingine nikamwambia nilifundishwa na padri kipofu kule Kibosho, aliyekuwa anapiga kinanda cha kanisa huku amekumbatia Biblia. Unacheka, Wini, na wewe hiyo ya nyoka uliwahi kuitoa shuleni ukapigiwa makofi. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini yangu imefika miaka thelathini na minane, sijui niliipigia lami.

Sasa ya kweli ni hii.

Nilishuka Dar nina miaka kumi na saba na cheti cha darasa la saba kilicholowa maji ya mvua. Nikapata kazi Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, kwenye duka la vitambaa la Mzee Harilal. Duka chini, familia juu, ngazi ya mbao katikati. Mzee Harilal hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kuchunga tu. Saa tisa na nusu anapanda juu kunywa chai na kujinyoosha, na kwa sababu hakuamini mikono yetu akiwa hayupo, alitwaa kile kioo kirefu cha wateja, cha kujitazama ukijitupia kitambaa begani, akakipachika kwa kuinama pale ngazi inapopinda, ili yeye akiwa juu kwenye kochi lake aione kaunta na sisi tunavyokata jora. Akasema, Melki, mimi nalala lakini kioo hakilali.

Hakufikiria kwamba kioo kinachomwonyesha wa juu aliye chini, kinamwonyesha wa chini kilicho juu. Mimi nilifikiria siku ya pili. Nikisimama mwisho wa kaunta, kwenye majora ya suti, naona sebule yao, naona miguu ya mzee kwenye kochi, na naona kinanda. Kinanda chenyewe, cha mbao nyeusi, na mbele yake binti yake, Krina, amenizidi miaka miwili. Kila saa kumi, baba yake akianza kukoroma, anapiga. Taratibu, asimwamshe.

Mama Wini, usinikate jicho. Nilikuwa natazama mikono. Haya, na nywele, mara moja au mbili. Lakini nakuapia mbele ya mshipa huu wa tumbo kwamba yule dada na mimi hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo nilizompa ampelekee mama yake na "lete jora la kijani". Hilo "hatukuwahi" mlishike, wanangu. Ndilo linalowatuma leo.

Katikati ya kila jora la suti kuna ubao. Kitambaa kikiisha ubao unatupwa. Nikachukua mmoja, wa jora la kijani, nikachora kinanda juu yake kwa makaa, halafu kwa ile kalamu ya wino ya kuandikia bei. Nilihesabu vijiti vyeupe na vyeusi kwenye kioo wiki nzima. Nikaandika, maana nilijiona msomi: huku kushoto, nyembamba, huku kulia, nzito. Nikauweka chini ya kaunta, na kila saa kumi Krina anapiga juu, mimi vidole vyangu vinapiga chini, bila sauti. Sauti inashuka yenyewe kwa ngazi. Miaka miwili. Wateja walidhani nina upele wa vidole.

Mmeshaona kosa? Ansbert ameshaona, ameshika kichwa. Mimi sikuona. Kioo kinageuza, mwanangu. Siku Zahoro mpiga besi aliponipeleka kwenye mazoezi ya bendi, nikakaa mara ya kwanza kwenye kinanda cha kweli, nikaanza kwa mbwembwe, na kila kitu kikatoka miguu juu. Pale nilipotafuta ndege nikakuta ng'ombe. Wakacheka mpaka mpiga tarumbeta akakaa chini. Aibu ile, nikasema siondoki hapa nimechekwa. Nikavusha mikono, wa kushoto upande wa kulia na wa kulia upande wa kushoto, nikapiga hivyo hivyo, nikiwa nimejifunga kama maiti, nikapiga ule wimbo aliokuwa anapiga Krina kila siku, alioutunga mwenyewe, najua alitunga kwa sababu nilimsikia akiujenga kipande kwa kipande, akikosea, akirudia, mwaka mzima. Waliponyamaza kucheka Zahoro akauliza, huu ni wa nani. Nikasema wangu.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ungekuwa wa mwisho ningekufa nao bila kuwasumbua.

Wimbo ukarekodiwa redioni, ndio huo "Ngazi za Saa Kumi". Siku ulipopigwa mara ya kwanza ilikuwa mchana, duka limejaa akina mama wa sare za harusi, redio iko rafuni. Mtangazaji akataja jina langu, Mzee Harilal akiwa anakata kitambaa. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa, mteja akalalamika, yeye hakumsikia. Nikatazama kioo, nikamwona Krina ameshuka ngazi mbili, ameshika ukuta. Mzee akaniuliza, taratibu kabisa, Melki, huo wimbo wa nyumbani kwangu umeupata wapi?

Nikapima, wanangu. Nikisema kioo, nimekiri kwamba miaka miwili nimekodolea macho sebule ya bosi wangu na binti yake akiwa peke yake, na mkasi uko mkononi mwake. Nikasema, "Alinifundisha Dada Krina." Siku zote nimejiambia kwamba nilitaka kumpa sifa. Hapana. Nilitaka kutoka mle ndani nikiwa na masikio mawili.

Krina akasema, Baba, sijawahi kukaa na huyu hata dakika moja. Mzee akanigeukia tena. Na hapo, hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu ningeweza kunyamaza, lakini mimi nikianza uongo siwezi kuuacha uchi, lazima niuvishe. Nikasema, "Siku za Alhamisi, bosi, ukienda hekaluni." Uongo wenye siku ya wiki huaminika kuliko ukweli usio na siku. Akauamini. Nilimwona akiuamini, kama unavyoona kitambaa kikinywa maji.

Hakunipiga. Alinilipa mshahara wa mwezi mzima, akanipa mkono, akasema nenda. Baadaye nikasikia kwa wapiga soga wa Narung'ombe: kulikuwa na posa ya familia moja ya Tanga, ikarudi ilikotoka, maana maneno ya dukani hayana ngazi, yanatambaa. Kinanda kikafungwa. Wakahama wakaja hapa Upanga. Krina hakuolewa, hakupiga tena. Akawa mhasibu, amemtunza mama yake mpaka akafa, na sasa anamtunza baba yake, ambaye mpaka leo, ana miaka tisini na mbili, anaamini kwamba binti aliyemlisha uji asubuhi alimdanganya kwa siku za Alhamisi. Wanaishi ndani ya nyumba moja na uongo wangu. Mimi nimevaa suti nyeupe, nimepigiwa makofi, nimejenga, nimewasomesha. Wao wamekaa nao tu.

Kiti bado kitupu? Tazama. Bado. Saa ngapi? Saa nane kasoro. Nipe kitambaa nijifute uso, Mama Wini. Maji hapana, wamenikataza. Hata mtori wako huo wa ndizi naunusa tu.

Msiniulize kwa nini sikwenda. Nilikwenda. Mara kumi nimesimama chini ya ghorofa lile na koti langu zuri. Kila mara nilipofika ngazini nilisikia mkasi. Halafu miaka kumi na minne iliyopita, tuliporudi kumzika bibi yenu, nikachimba isale kihambani, shambani mwetu kwenye migomba, na shina lake na udongo wake, nikaja nalo. Mnajua kwetu: ukimkosea mtu kosa lisilolipika, unamtuma mshenga mwenye ulimi safi apeleke jani la isale lililofungwa fundo, aseme kosa lenyewe lote bila kulipunguza, na aliyekosewa akishaliona jani hawezi kukataa kusikiliza. Babu yenu alisamehewa ng'ombe watatu kwa jani moja. Mimi, mtoto wa mjini, nikampa isale dereva wa bajaji. Nikamwambia mpelekee yule dada wa ghorofa ya pili. Maneno? Sikumpa maneno. Niliyaona marefu.

Dereva akarudi anatabasamu, "Mzee, kasema asante, ua zuri." Krina akalipanda kwenye ndoo ya rangi. Ndilo lile. Miaka kumi na minne analimwagilia maji ombi langu la msamaha bila kujua ni nini, na limestawi kuliko lolote nililowahi kuona hata Kibosho. Kila nikipita barabara hii nainua macho: limeongeza majani. Nimejidanganya kwamba kustawi kule ni jibu. Lakini isale lisilo na maneno ni ua tu, wanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliuwekea maua.

Sasa shikeni ya mirathi, ni mafupi. Kihamba na nyumba ya Kibosho ni vya Ansbert, kwa kuwa ndiye kitindamimba, desturi haikunisubiri mimi. Lakini mama yenu atakaa pale atakapo, na atakayemsogezea hata sufuria bila ruhusa yake nitamrudia. Fremu ya duka, mtaa wa Mkunguni, ni ya Winifrida. Kinanda changu cha umeme kipelekeni kwa Zahoro kwa ajili ya wajukuu zake, na mwambieni nilikuwa namwita mpiga besi wa pili kwa ubora Tanzania kwa sababu sikumpata wa kwanza; atajua nimeomba radhi. Suti nyeupe nizikeni nayo. Viatu Ansbert, ukijazia pamba.

Ubao hauko kwenye mirathi, kwa sababu si wangu. Wini, fungua ule mfuko wa khanga niliokuagiza ulete, uliokuwa nyuma ya kabati. Ndio ubao wenyewe, ambao mama yenu mwaka jana alitaka kukatia nyama nikapiga kelele nyumba nzima ikadhani nimeanguka. Ugeuze: mhuri wa duka la Harilal, na rangi ya jora, na mwaka. Ugeuze tena: vijiti, na mwandiko wangu wa darasa la saba. Nyembamba kushoto. Nzito kulia. Mtu aliyefundishwa na mwalimu, ameketi kando yake siku za Alhamisi, hawezi kuchora kinanda kinyume. Ni aliyekiona kwenye kioo tu. Huo ndio ushahidi wa Krina, na nimeulalia kabatini miaka thelathini na minane.

Ansbert, usiniambie habari za Jumamosi. Najua vijana wa redio wanakuja kurekodi maisha yangu, najua umewaahidi, na najua unawaza watasema mfalme wa kinanda alikuwa mwizi wa kioo. Waseme. Uwape hii rekodi yote, na ya nyoka uifute. Mikono ilikuwa yangu. Hilo la kuvusha nililitoa mwenyewe kwa aibu na kwa kiburi, na walicheke au walisifu, langu. Wimbo ni wake. Siku mtakapousikia popote, mwambieni aliye karibu: huu ni wa Krina binti Harilal.

Sasa mnakwenda, na mnakwenda hivi. Ng'ambo ya barabara tu, msichukue bajaji. Mama yenu amebeba jani la isale kwenye Biblia yake, limeletwa na watu wa Kibosho waliokuja jana. Wini, lifunge fundo wewe. Vueni viatu mlangoni. Mtamkuta Krina, nywele zimekuwa nyeupe. Msalimieni shikamoo, msianze kulia, kilio ni njia ya kupunguza maneno. Ombeni kumwona mzee. Mkiletewa chai msiiguse, kwetu mshenga hanywi kabla hajasema. Mpigie magoti, Wini, wewe una ulimi wa dukani, sema kwa sauti maana masikio yake yamechoka, na umwambie yeye kwanza, baba, mbele ya binti: "Mzee Harilal, mimi ni mtoto wa Melkiori wa majora ya suti. Baba yangu alikudanganya. Hakuna Alhamisi. Dada Krina hakumfundisha, hakukaa naye, hakusema naye. Aliiba kwa kioo ulichokipachika ngazini. Binti yako alikuambia kweli." Halafu Ansbert ampe ubao, mkononi, auone. Halafu jani, kwa Krina. Wala msiombe jibu. Wala msiseme nimo humu naumwa. Asije akanihurumia kwa mshipa badala ya kosa.

Na kama kiti ni kitupu kwa sababu hiyo ninayoiogopa, msirudi. Ingieni hivyo hivyo mseme mbele ya waliopo.

Nendeni. Simu iacheni inarekodi. Nendeni, ni saa nane na dakika kumi.

Mama Wini, nikalishe. Hivyo. Wameshuka? Wako barabarani, yule ni Ansbert, anabeba ubao kama mtoto mchanga, vizuri. Anavuka bila kutazama, huyu kijana. Wameingia. Sasa tusiongee.

Euphrasia. Umenuna? Miaka thelathini na mbili umelala na mimi na hadithi ya padri kipofu. Hata wewe nakuomba, ila jani limekwenda. Nishike mkono. Huo baridi, ndiyo, tangu asubuhi ni baridi.

Mbona wanakawia. Saa tatu... hapana, nasema saa ngapi? Saa tisa. Hata kusema nakosea. Hakuna mtu kibarazani. Watakuwa wamefukuzwa. Au wanalia. Nilisema wasilie.

Simu yako inaita, hiyo ya tochi, ni namba ya Ansbert. Pokea, niwekee sikioni. Wini, sema, mzee yuko? Yuko. Yuko hai, Euphrasia, ana mafua tu, wamemzuia kutoka. Alisema nini? Rudia, pole pole. Aliushika ubao muda mrefu... akasoma, nyembamba... akasema nini? "Kile kioo nilikipachika mimi." Hilo tu. Na akamtazama Krina. Akamwita jina lake la utotoni. Na Krina? Ameuchukua ubao. Na kinanda, Wini, umekiona, kipo? Walikiuza. Walipohama. Hata hakikuja Upanga.

Basi. Basi, mwanangu. Nilidhani yeye ataweza... basi.

Nesi anakuja? Ni wao, na kitanda cha magurudumu. Dada nesi, dakika moja, nina wanangu kwenye simu, nawabariki. Wini, Ansbert, mnanisikia? Babu yenu angewatemea mate ya baraka kifuani. Mimi mdomo umekauka, hawajaniruhusu hata tone. Pokeeni kavu. Mzae, mzeeke, msiwe na siku za Alhamisi katika maisha yenu. Mkikosea, mkaseme wenyewe, mkiwa bado na miguu. Ngazi si ndefu. Nilidhani ni ndefu.

Dakika moja, dada. Euphrasia, kile ni nini? Kibarazani. Ametoka. Ndiye, nywele nyeupe. Anakaa kwenye kiti. Ameweka ubao juu ya magoti. Anausoma. Anacheka au anafanya nini, sioni. Ameugeuza. Umeona? Ameugeuza, uwe sawa.

Anapiga.

Hakuna sauti, najua hakuna sauti, nyamaza. Ananitazama huku, sijui kama ananiona, na mikono imenyooka, kila mmoja upande wake. Kutoka hapa nyembamba iko kushoto kwangu, kama kwenye kioo. Ile ile. Saa ngapi? Ndiyo. Ndiyo, saa kumi.

Mimi nilikuwa naishia pale, Euphrasia. Kila siku mkokoteni wa mzigo ulikuwa unafika, naitwa nje kushusha majora, sikuwahi kusikia zaidi ya pale. Ndiyo sababu unakatika. Wataalamu... wacha wataalamu. Anakaribia. Sasa pale. Pale ndipo ninapoinua mikono.

Hajainua.

Amepita. Dada nesi, subiri, usisukume. Mikono yake bado inakwenda. Kumbe unaendelea. Niinue kidogo, Mama Wini, nione. Kumbe wimbo unaendelea.